Mizani ya Shamba

Kipimo ni ndugu wa haki. Penye biashara, kodi au urithi, kipimo hutangulia na hukumu hufuata. Lakini kipimo hakina dhamiri. Pishi ile ile yaweza kumshibisha mjane au kumdhulumu. Tofauti yatoka katika mkono ulioishika. Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati wetu umeongeza swali juu ya methali hiyo: daftari likiandikwa na mgeni, nalo likawa mikononi mwake, yule alijuaye shamba la mtu kuliko mwenyewe ana wajibu gani kwake?

Zamani swali hili lisingalizuka. Mkulima wa Musoma, Bunda au Butiama alikuwa mjuzi wa kwanza wa shamba lake. Alijua pembe inayotuama maji, kichuguu ambapo mtama hustawi, na upande ambao mihogo hudhoofu. Elimu hiyo ilikaa katika nyayo na vidole vyake, na aliyeitaka alilazimika kumwuliza. Leo mbingu nayo ina macho. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza iliyorushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, zilianzisha desturi ya kupiga picha ya shamba lile lile kila baada ya siku tano. Nukta moja ya picha hizo ni mita 10 kwa mita 10, basi ekari moja ina nukta zipatazo 40. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho yetu. Jani gonjwa au lenye kiu hubadili kadiri hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeketi katika mji wa mbali aweza kuona kwamba shamba la Bunda linanyauka. Viko pia vyombo vichomekwavyo ardhini kupima unyevu, na ndege zisizo na rubani. Mkusanyo wa mambo haya huitwa kilimo cha usahihi.

Faida yake si ya kubeza. Muhogo ni chakula kikuu cha pwani ile ya ziwa, nao una maadui wawili wakubwa: batobato, na michirizi ya kahawia ambayo huozesha mzizi chini ya ardhi wakati majani yadanganya kwa uzima wake. Programu ya simu iitwayo Nuru huyatazama majani kwa kamera, ikataja ugonjwa, hata pasipo intaneti. Utafiti wa mwaka 2017 uliofungua njia yake ulitumia picha za majani zilizopigwa karibu na Bagamoyo. Mashine ilifundishwa na mihogo yetu. Ni haki basi irudi kuwafundisha wenye mihogo.

Walakini Kanda ya Ziwa yakumbuka mizani nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliwashuku wanunuzi kuwa mizani yao ilipunja. Waliweka wapimaji wao wenyewe ili kila uzito usomwe mara ya pili. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, na mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika shirikisho la ushirika la Victoria. Wakulima wale waliiacha mizani mahali pake, wakadai haki ya kuisoma.

Mizani ya leo imetundikwa juu sana. Tuchukue bima ya mazao ilipwayo kwa kadiri ya kipimo cha setilaiti. Wakati wa mvua, ambapo mmea hukua, mawingu hulifunika shamba. Mahindi na mihogo iliyochanganywa huingia katika nukta moja. Magugu nayo ni kijani kibichi, na mbali huko juu yaweza kuhesabiwa kuwa neema. Mjane mwenye ghala tupu akiambiwa kwamba shamba lake lilistawi, atakwenda kwa nani kukata rufani?

Yamkini mtu atajibu kuwa anga ni wazi, na kutazama si kuiba. Ni kweli. Lakini msafiri ajuaye kwamba mahindi ya nchi jirani yamekauka, akanunua ya Butiama kwa bei ya jana, hakuiba kitu, wala hakutenda haki. Wengine watasema kwamba maarifa yakifungiwa, tahadhari ya ugonjwa haitamfikia jirani. Hili nalo ni kweli; mkulima hana budi kutoa habari za jani lake. Ila atoaye astahili kurudishiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali na linalojulikana. Huo ni mwanzo mwema, ila sheria huzuia ubaya. Haimlazimishi mtu kuwa mwema.

Wajibu wa ajuaye, basi, ni kumwambia mwenye shamba alichokiona, kwa lugha aifahamuyo na kabla ya kukifanyia biashara. Na kukubali kwamba neno la mkulima aliyesimama katika udongo laweza kuisahihisha picha iliyotoka juu. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Kikiwalea vijana wawezao kuisoma mizani ya mbinguni kwa niaba ya vyama vya wakulima, kitakuwa kimewarudisha wapimaji wa zamani katika kazi yao. Shamba linaweza kuonekana na wengi. Anayelala njaa likikosa mavuno ni mmoja, na huyo ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kupewa habari zake.