Nani Analipia Subira?

Barbaresco ni kijiji kidogo juu ya kilima katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Chini yake unapita mto Tanaro, juu yake umesimama mnara wa kale wa matofali, na pande zote ni mizabibu, safu kwa safu, hadi macho yachoke. Karibu na uwanja wa kanisa kipo kiwanda cha chama cha ushirika cha wakulima, Produttori del Barbaresco. Mvinyo wao mwekundu ndio nitakaouzungumzia leo. Msomaji asiyegusa kilevi, na najua ninao wengi, asigeuze ukurasa bado. Ninachokitafuta ndani ya chupa hiyo ni jibu la swali ambalo wahubiri wa subira hulikwepa: subira ina gharama, na gharama hiyo nani anailipa?

Mzabibu wa huko unaitwa Nebbiolo, na ni wa kutesa watu. Huchipua mapema, kwa hiyo baridi ya mwisho wa majira huweza kuyakuta machipukizi nje na kuyaunguza. Kisha huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, zabibu nyingine nyingi zikiwa zimeshavunwa, na muda wote huo mvua ya mawe inaweza kushuka wakati wowote. Wala haukubali kila ardhi. Wazee wa vilima vya Langhe walikuwa na kipimo chao: wakati wa baridi tazama ni mteremko upi theluji inayeyuka kwanza, hapo ndipo upande Nebbiolo. Miteremko mingine waliiachia mizabibu isiyo na madai makubwa.

Baada ya taabu yote hiyo, mvinyo wake ukiwa mchanga hauna raha. Una uchachu mkali, na una tanini nyingi, ule ukakasi unaokuacha na kinywa kikavu kama mtu aliyetafuna bibo. Ni muda tu unaoutuliza. Katika pipa, na baadaye katika chupa, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa nzito, nyingine zikatua chini pamoja na rangi na kuwa mashapo. Wekundu wa awali hupungua, ukaelekea rangi ya tofali. Harufu ya tunda hupisha harufu nyingine: waridi lililokauka, lami, uyoga, ngozi, tumbaku. Chupa ya mwaka mzuri, iliyotunzwa vizuri, kufika miaka ishirini ikiwa bado na nguvu si ajabu.

Niliwahi kuonja mmoja wa namna hiyo mezani kwa rafiki aliyeishi Torino. Shamba lilikuwa Montestefano, na chupa ilikuwa imelala zaidi ya muongo mmoja. Aliisimamisha tangu jana yake ili mashapo yatue, akamimina polepole mkono ukiwa hautetemeki, na weusi ulipokaribia shingo ya chupa akaacha kumimina, ingawa glasi yake mwenyewe ilikuwa haijafika nusu. Nilidhani mvinyo wenye sifa kama hizo ungekuwa mzito na mweusi. Ulikuwa mwepesi wa rangi kiasi kwamba niliona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Ukakasi ulikuwepo bado, ila ulikuwa umejifunza adabu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sheria ya Italia inataka Barbaresco wa kawaida ukae miezi 26 kabla ya kuuzwa, angalau 9 kati ya hiyo ndani ya mti. Ule wa daraja la Riserva unangoja miezi 50, na miezi hiyo inahesabiwa tangu Novemba mosi ya mwaka wa mavuno. Weka kalamu chini ufikirie. Umevuna Oktoba. Hela ya Riserva yako utaiona baada ya miaka minne na zaidi. Kati ya hapo mizabibu inataka kupogolewa kila msimu wa baridi, dawa inataka kupulizwa, vibarua wanataka ujira, pipa la mwaloni linataka kununuliwa, na watoto wanataka kula mara tatu kwa siku kama watoto wa mahali popote. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini kuna siku elfu na mia tano za kula kitu kingine akingoja iive.

Ndiyo maana kwa vizazi vingi wakulima wadogo wa Langhe hawakungoja. Walipakia zabibu zao kwenye mikokoteni wakazipeleka sokoni Alba, na huko madalali walijua wanachokifanya. Zabibu zikivunwa hazihifadhiki. Mnunuzi anakunja mikono, anazunguka, anaangalia jua linavyopanda, na kadiri saa zinavyokwenda mwenye mali ndiye anayelegea. Mkulima hakuwa mjinga wala mwenye pupa. Alikuwa na mzigo unaoharibika na hakuwa na pa kuuweka.

Aliyeona tatizo mapema alikuwa Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya utaalamu wa mvinyo ya Alba, aliyehamia Barbaresco. Mwaka 1894 aliwakusanya wakulima tisa, wakaanza kusindika zabibu zao pamoja katika jengo la ngome aliyokuwa akiimiliki. Kazi yao ndiyo iliyoanza kuupa Barbaresco jina lake. Kabla ya hapo zabibu za kilima hicho nyingi ziliishia kwenye mvinyo wa majirani zao maarufu wa Barolo. Cavazza alifariki mwaka 1913, na ushirika wenyewe ukafungwa wakati wa utawala wa Kifashisti. Wakulima wakarudi sokoni, kwa madalali walewale au watoto wao.

Baada ya vita umaskini wa vilima vile ulikuwa wa kutisha. Vijana walishuka kwenda kwenye viwanda vya magari vya Torino au vya chokoleti pale Alba. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, aliona waumini wake wanamwishia, akawakusanya wakulima kumi na tisa wakaanzisha ushirika upya. Mavuno matatu ya kwanza yalisindikwa chini ya kanisa, kwenye vyumba vya msingi, kabla hawajajenga kiwanda chao. Nimeyasoma maelezo mengi ya mvinyo huu yaliyojaa maua na matunda ya msituni, na mengi yanapita haraka hapo penye padri. Mimi naona hapo ndipo penye mvinyo wenyewe. Padri angeweza kuwahubiria subira kutoka mimbarani, na ilikuwa haki yake. Akaamua kuwatafutia mahali pa kuweka zabibu.

Kanuni za ushirika huo ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mwanachama analeta zabibu zake zote za Nebbiolo, bila kubakiza. Hakuna kumuuzia tajiri zilizo nzuri halafu za kuchanganya zikaja kwa chama. Na halipwi kwa kilo peke yake. Zabibu hupimwa ubora, na aliyetunza shamba vizuri hupata zaidi ya jirani aliyekimbilia wingi. Hizi mbili, uaminifu wa mzigo wote na malipo ya haki kwa ubora, zinategemeana. Ukiondoa ya pili, ya kwanza inageuka unyonyaji, na mwanachama mwenye akili atatafuta njia ya panya.

Ilipofika 1967 walifanya jambo ambalo kwa chama cha ushirika lilikuwa la kuthubutu: wakaanza kutoa mvinyo wa shamba moja moja. Mashamba ni tisa: Asili, Rabajà, Pora, Montestefano, Ovello, Pajè, Montefico, Muncagota na Rio Sordo. Mwaka ukiwa mzuri, zabibu za kila moja husindikwa peke yake na kuwa Riserva. Mwaka usipofikia kiwango, zote zinaingia kwenye Barbaresco wa kawaida wa chama, na hakuna shamba linalotajwa. Asili na Rabajà yamepakana, mtu anatembea kutoka moja hadi jingine bila kujua amevuka mpaka, lakini mvinyo wa mashamba hayo unatofautiana, tena si kidogo: Asili ni mpole na wenye harufu ya kupanda, Rabajà una kifua. Udongo, pembe ya mteremko, upande jua linakotazama, vyote hivyo vimo ndani ya glasi kwa anayejua kusikiliza.

Na kwenye chupa za mashamba hayo wameandika majina ya familia za wakulima zinazolima hapo. Nimeangalia chupa nyingi za bei mbaya kutoka nchi mbalimbali, zenye ngome, nembo za makabaila na sahihi za wenye mali. Karatasi yenye majina ya wenye jembe, yamepangwa tu kama orodha ya wanachama, ni adimu.

Kijiji hichohicho kina familia ya Gaja, ambayo nayo mwaka 1967 ilitoa mvinyo wake wa kwanza wa shamba moja, Sorì San Lorenzo. Shamba lile walilinunua mwaka 1964 kutoka kwa parokia ya Alba. Angelo Gaja aliupeleka Barbaresco kwenye meza za matajiri duniani kote, na chupa zake leo zinauzwa mamia ya euro. Namheshimu. Ila Gaja alikuwa na ghala, mapipa na jina la ukoo lililoanza mwaka 1859. Yeye aliweza kungoja kwa sababu waliomtangulia walikuwa wameshalipa. Wale kumi na tisa wa Don Marengo hawakuwa na babu wa namna hiyo, wakaamua kuwa babu wao kwa wao.

Upande wa pili wa Alba, kule Barolo, ukosefu wa subira nao una kisa chake. Elio Altare, kijana wa mkulima wa La Morra, alikwenda Bourgogne nchini Ufaransa katika miaka ya 1970 akaona watengeneza mvinyo wa kule wanavyoishi vizuri. Nyumbani kwao mvinyo ulikaa miaka kwenye mapipa makuukuu na hela haionekani. Mwaka 1983 akachukua msumeno wa mashine akayakatakata mapipa ya baba yake, akaleta mapipa madogo mapya ya Kifaransa yanayolainisha mvinyo mapema. Baba akamnyima urithi. Watu wa Langhe bado wanabishana nani alikuwa na haki. Mimi sioni mkaidi hapo. Naona baba ambaye umaskini alishauzoea, na mtoto ambaye aliukataa, na kati yao hakukuwa na mtu wa tatu wa kubeba ile miaka ya kungoja.

Hadithi hii inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Miaka hiyohiyo ya 1950 ya Don Marengo, mapadri wamisionari walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, na kutoka hapo zabibu zikasambaa hadi zikawa zao la Wagogo. Dodoma ina neema ambayo Piemonte haina: mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini kilio cha mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ni kilekile cha sokoni Alba. Zabibu zimeiva, mnunuzi hajaja, au amekuja na bei yake mfukoni, na kila siku inayopita inamfanyia kazi yeye. Wachache wenye matangi hukamua, wakahifadhi mchuzi wa zabibu, wakauza bei ikitengemaa. Wengine wote huuza leo. Kagera kuna butura, kahawa inauzwa ikiwa bado ua mtini. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu Januari ada ya shule haingoji kahawa iive. Tunapomkamata mnunuzi wa butura tunakuwa tumefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumuuliza mkulima alikuwa anahitaji shilingi ngapi, na lini.

Vyama vya ushirika tulikuwa navyo na tunavyo. Vingi vimejua kukusanya mzigo wote bila kubakiza, kama Barbaresco. Ile kanuni ya pili, ya kulipa kwa ubora na kwa wakati, ndiyo imetushinda, halafu tunashangaa usiku magunia yanapanda bodaboda. Wanaotunga kanuni za ushirika waisome hiyo ya pili kabla ya kuongeza adhabu kwenye ile ya kwanza.

Na kwa msomaji atakayebahatika kuletewa chupa yenye jina la mojawapo ya yale mashamba tisa: ilaze ubavu ili kizibo kisikauke, mahali penye giza na baridi isiyobadilikabadilika, nyuzi 12 hadi 15 hivi. Nyumba ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 ndani itauzeesha mvinyo huo kabla ya wakati wake, na jokofu la kuuhifadhi kwa miaka kumi linakula umeme kila mwezi. Hiyo nayo ni bili ya subira, na safari hii ni yako. Kama huna uwezo wa kuilipa, usijitese. Fungua Jumapili hii, mimina kwenye jagi, uache upumue saa mbili au tatu, kisha unywe na mbuzi wa kuchoma.