Jawabu kwa Ndugu wa Bariadi, Juu ya Safari ya Ndege na ya Gari la Moshi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia nchi kavu na bahari kuwa njia, akatuumbia vya kupanda tuvijuavyo na tusivyovijua. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua kutoka Bariadi, mji mkuu wa mkoa wa Simiyu, kwa ndugu mmoja mzaliwa wa Bagamoyo aliyehamia huko kwa biashara ya duka, naye ndiye mwekaji wa sanduku la madrasa ya mtaa wake. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa faida imo katika swali wala haimo katika jina. Asema kwamba alipokuwa akirudi kutoka swala ya Alfajiri alipigiwa simu kuwa mamaye amefariki Bagamoyo. Nduguye mdogo, akaaye Mwanza, alipanda ndege asubuhi ile ile, akashuka Dar es Salaam kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na baada ya Alasiri akaushika udongo wa kaburi kwa mkono wake. Yeye mwenyewe hakuwa na nauli ya ndege. Mabasi ya siku ile yalikuwa yamekwisha ondoka. Akangoja hata kesho yake, akapita Maswa na Shinyanga na Singida, akalala Dodoma, akapanda gari la reli mpya asubuhi, akafika Bagamoyo siku ya tatu, na matanga yamekaribia kwisha. Nduguye akamwambia mbele ya watu ya kuwa mwana asiyeweza kupanda ndege siku ya kufa mamaye asijihesabu mwana.

Basi auliza: je, amepata dhambi? Je, ilikuwapasa watu wa Bagamoyo wamngojee? Na tena yuko rafiki yake aliyemshauri siku ile atwae fedha za sanduku la madrasa apande ndege, kisha azirudishe baada ya mavuno ya pamba. Akakataa, na sasa moyo humwambia pengine alikosea.

Ndugu zetu wa pwani waliozoea kuona gari na ndege mlangoni mwao huenda wasijue hali ya nchi ile. Reli haifiki Bariadi mjini. Reli ya kale, iliyofika Mwanza mwaka wa 1928, hupita Malampaka katika wilaya ya Maswa, na kutoka Mwanza hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, safari isiyopungua usiku na mchana wake. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Julai mwaka wa 2024, na nauli yake ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Lakini mtu wa Bariadi sharti kwanza aifuate Dodoma kwa basi mchana kutwa. Kipande kingine cha reli hiyo, cha kutoka Mwanza hata Isaka, kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka wa 2021. Ama ndege, watu wa Bariadi huifuata Mwanza, na nauli yake huizidi ya gari la moshi mara kadhaa. Hayo ndiyo mambo mawili aliyokuwa nayo ndugu yetu asubuhi ile: njia ya haraka asiyoiweza, na njia aiwezayo isiyowahi.

Ama vyombo vyenyewe, hapana kimoja kilichokatazwa wala kimoja kilicho kitukufu kuliko mwenziwe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, ameitaja katika Minhaj hukumu ya msafiri wa baharini akataye masafa kwa muda wa saa moja, akampa ruhusa ile ile ya kupunguza swala apewayo aendaye kwa ngamia siku mbili. Mwenye kitabu hicho hakuota ndege, lakini mlango aliuacha wazi. Tena wako wenzetu waonao kwamba kupanda ndege ni fahari na israfu. Hilo nalo ni kosa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba msafiri akimaliza haja yake na afanye haraka kurejea kwa watu wake, basi aliyetoa mali yake ya halali kuifupisha adhabu hiyo hakufanya baya. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume hakukhiyarishwa baina ya mambo mawili illa alichagua lililo jepesi, maadamu si dhambi. Lakini wepesi huo yapasa kuutazama vizuri, kwani liko jambo jepesi kwa miguu ya mtu lililo zito kwa shingo yake.

Na hapa tunalijibu kwanza lile la sanduku, kwa kuwa ndilo zito. Fedha ya madrasa ni haki ya watoto wasomao, na waliotoa waliitoa kwa ajili yao. Mwekaji si mwenye mali. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema kwamba mwenye kuwekewa amana akiitumia pasi na idhini ya mwenyewe, ameingia katika khiana na dhamana imemwangukia, hata ikiwa niya yake ni kuirudisha. Na ndugu yetu angeomba idhini ya nani saa ile? Ya watoto wa juzuu ya Amma? Mimi nimesomesha chuoni na madrasani tangu ujanani mwangu, na nimeona masanduku mengi yakifa. Sikuona hata moja lililouawa na mwizi wa usiku. Yote yaliuawa na watu wema waliokopa siku ya dhiki, na kila mmoja alikuwa na mavuno anayoyatazamia. Mwaka mvua ikiwa chache, au bei ya pamba ikianguka, mwalimu hukaa bila mshahara na watoto hurudi barazani kucheza. Basi alipokataa, alikataa kweli kweli, na kukataa kwake siku ile, machozi yakimtoka, twataraji kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni katika wema aliomfanyia mamaye, maana ndiye aliyemlea.

Lau jirani angemkopesha kwa radhi yake, naye ajua njia ya kulipa, hapana ubaya. Angepanda ndege wala asilaumiwe. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Itazameni Hija, nayo ni nguzo: haimpasi mtu illa apate masurufu yaliyozidi madeni yake na chakula cha wale awalishao, wala hakuna aliyesema kwamba masikini akope ili ahiji. Ikiwa nguzo humwondokea mtu kwa kukosa nauli, itakuwaje asamehewe hiyo na asisamehewe kuhudhuria maziko, ambayo ni faradhi ya kutoshelezana, wakiitenda baadhi huwaondokea waliobaki? Hana dhambi kwa kutopanda ndege.

Wala watu wa Bagamoyo hawakukosea. Sunna ni kumharakiza maiti. Wanavyuoni wameruhusu kumngoja walii aliye karibu muda mchache, maadamu haikhofiwi maiti kuharibika. Ama kumweka siku tatu ili mtu apite Singida kwa basi, hapana. Nduguye mdogo alifanya haki kuzika.

Lililonisikitisha katika barua ni hili: aandika kwamba siku mbili ndani ya gari alikuwa akilia kwa kuwa amekosa kumswalia mamaye. Ewe ndugu yangu, hukukosa, ila hapana aliyekuambia! Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi naye yuko Madina na Najashi amefia Uhabeshi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i swala ya maiti aliye mbali ni sahihi. Ungeweza kusimama pale pale Bariadi, na nyuma yako jamaa wa msikiti wako, baada ya kujua au kudhani kwamba amekwisha oshwa, ukamswalia huku wa Bagamoyo wakimswalia kwao. Na ulipofika siku ya tatu ungeweza kumswalia kaburini, kama Mtume alivyomswalia kaburini yule aliyekuwa akifagia msikiti. Walio waalimu katika miji ya bara na wasome jambo hili mbele ya watu kabla ya kuhitajiwa, kwa kuwa siku ya msiba hapana afunuaye kitabu.

Ama neno la mdogo mtu, ni neno la kibri, na kulisema mbele ya watu ni kosa la pili. Alifanya wema mkubwa kwa kuwahi, kisha akautumia wema huo kumpigia nduguye. Amtake radhi.

Tungeliweza kuishia hapa. Lakini chini ya barua yake, katika mistari miwili iliyobanwa pembeni kana kwamba hakutaka isomwe, ndugu yetu amesema kwamba hakuwa amemwona mamaye tangu miaka sita. Fedha akimpelekea kila mwezi, na simu akimpigia kila Ijumaa. Kwenda hakwenda, kwa kuwa alikuwa akiweka akiba apate siku moja kwenda kwa ndege kama mdogo wake. Aliona haya kushuka mtaani kwao na vumbi la safari, watu wakamlinganisha. Na kila akiba ilipokaribia kutimia, lilitokea la kuila.

Hapa ndipo swali la ndege na gari la moshi lilipo, nalo lilikuwapo miaka sita kabla ya simu ile. Nauli ya ndege moja ingempeleka Bagamoyo kwa basi na gari zaidi ya mara moja. Kabla ya reli mpya mabasi yalikuwapo, na gari la kale lilikuwapo. Mama hakuuliza habari ya chombo. Aliyeuliza ni mtaa, na huenda hata mtaa haukuuliza, bali ni nafsi yake tu. Hatusemi kwamba ameasi, kwani kuunga udugu kuna daraja, na aliyepeleka fedha na salamu hakukata. Lakini alikuwa na daraja iliyo juu ya hiyo, naye aliiweza, akaiacha kwa ajili ya haya isiyo na msingi. Kwa hilo na aombe maghufira, wala asiombe kwa lile la siku ya kufa, ambalo hana kosa ndani yake.

Wala nisijitoe. Mwalimu wangu aliyenisomesha fiqhi alilala kitandani miaka miwili, nami nikingoja likizo ndefu ya madrasa ili niende nikae naye kwa heshima. Nilikwenda kwa ndege, kumzika.

Sasa la kufanya. Wema kwa mzazi haukatiki kwa mauti: kumwombea, kulipa madeni yake, kuwakirimu rafiki zake, na kuunga udugu usioungwa ila kwa sababu yake. Ndugu yetu ameandika kwamba khalati yake yu hai, akaa peke yake katika nyumba ile ile ya Bagamoyo. Na khalati, kama alivyohukumu Mtume katika habari ya binti ya Hamza, yu mahali pa mama. Basi na aende kwake kabla ya Ramadhani hii, wala asingoje kiasi kitimie. Atoke Bariadi kwa basi la alfajiri, akusanye Adhuhuri na Alasiri mahali gari lisimamapo, alale Dodoma, anunue tikiti ya daraja la kawaida. Na mdogo wake akitaka kumlipia ya ndege ili waende pamoja, akubali, wala asikatae kwa kinyongo.

Wallahu aalam.