Je, Kichaa ni Mtu?

Nilitamka neno lile kwa kicheko. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amelala siku ya nne mfululizo, uso ukutani, blanketi hadi masikioni, na jua la saa nane mchana limejaa dirishani. Sahani niliyomletea jana yake kutoka bwaloni ilikuwa bado mezani, maharage yamekauka juu. Vijana wawili wa chumba cha pili walikuja kuazima pasi, nami nikataka kuwachekesha. Nikasema: "Kaka, tukuitie gari la Ndera?" Tukacheka sote watatu. Yeye hakukasirika. Alivuta tu blanketi akafunika na kichwa.

Msomaji asiye wa Rwanda aelewe kwamba Ndera ni hospitali ya magonjwa ya akili nje kidogo ya Kigali, na kwamba kwetu jina hilo ni tusi kabla ya kuwa anwani. Hatuko peke yetu. Watanzania wana Mirembe ya Dodoma, Wakenya wana Mathari ya Nairobi, Waganda wana Butabika, na kote huko kumtajia mtu jina la hospitali hiyo ni kumtukana. Sijawahi kusikia hospitali ya meno ikigeuzwa tusi, ingawa jino nalo humliza mtu mzima.

Baadaye, kwa sababu nasoma Kiswahili na sina dawa nyingine ya aibu, nilianza kulichunguza neno "kichaa". Limekaa katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kijiko. Jirani zake humo ni kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Nilidhani nimeikamata lugha ikitenda dhambi: imewachukua watu wenye mapungufu ikawaweka kwenye kabati la vyombo. Mhadhiri wetu alinirudisha nyuma kwa upole. Humo humo, alisema, wamo kijana na kiongozi. Tena sikiliza upatanisho: hatusemi "kichaa hiki kimefika", tunasema "kichaa huyu amefika". Umbo ni la kitu, lakini kitenzi kinamtambua mtu. Hivyo sarufi ina adabu kuliko mimi siku ile.

Swali lenyewe, hata hivyo, halikuondoka. Padri Alexis Kagame, Mnyarwanda mwenzetu, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Wabantu wa Rwanda, alisoma fikra za wazee ndani ya ngeli za Kinyarwanda. Umuntu, alieleza, ni kiumbe chenye akili. Ikintu ni kile kisicho nayo. Mpaka huo ni mzuri hadi umfikirie mtu ambaye akili yake imeugua. Je, amevuka mpaka? Sidhani Kagame alikusudia hivyo, lakini mtaani ndivyo tunavyotenda, bila kumsoma.

Nadhani kosa letu ni kuiona akili kama taa, ama imewaka ama imezima. Mtoto mwenye malaria kali huweweseka usiku kucha, humwita mama yake kwa jina la shangazi, na hakuna anayesema ameacha kuwa mtu. Mama humwekea kitambaa chenye maji na kumjibu kana kwamba ameitwa sawasawa. Rafiki yangu hata hakuweweseka. Akili yake ilifanya kazi kupita kiasi: alikuwa amehesabu karo iliyobaki, wadogo zake waliomsubiri amalize, alama za somo alilorudia mara mbili, na hesabu yote ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni nguvu ya kunyanyuka kitandani. Kinyarwanda kinaiita hali hiyo "agahinda gakabije", huzuni iliyopita kiasi.

Kisha nikagundua jambo dogo zaidi, nalo ndilo linaloniumiza. Siku zile nne tulimzungumzia sana mbele yake: amekuwaje huyu, amerogwa, amefeli, ameachwa na msichana. Hakuna aliyemwambia "wewe". Tulimhamisha kutoka nafsi ya pili kwenda nafsi ya tatu ilhali yumo chumbani anasikia. Labda hivyo ndivyo mtu anavyofanywa kitu, hata kama upatanisho wa kisarufi ni safi.

Ajabu ni kwamba sisi si watu wasiojua kumshika mwenye maumivu. Nimezaliwa Mudende, chini ya milima ya volkano. Hapa ndipo Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilipoanza mwaka 1984, kabla ya kuhamia Kigali. Hapa waliuawa watu mwaka 1994, na hapa kambi ya wakimbizi kutoka Kongo ilishambuliwa Agosti 1997 na tena Desemba mwaka huohuo. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, mtu akianguka akipiga kelele hakuna anayecheka. Wanakuja watu waliofunzwa, wanamtoa pembeni, wanampa maji, wanakaa naye. Neno "ihahamuka" kila mtoto analijua. Na wanafunzi manusura walioanzisha chama chao, AERG, kule Butare mwaka 1996, walifanya jambo ambalo sijaona limezidiwa na ofisi yoyote: walijigawa katika familia, wakachaguana baba na mama miongoni mwao, vijana wa miaka ishirini na kitu, ili anayeugua awe na mtu wa kumtafuta.

Kwa nini basi ujuzi huo unalala miezi mingine? Nilimuuliza mjomba wangu mmoja. Akanijibu: "Mwanangu, sisi tuliona yale. Ninyi mnalia kwa ajili ya mtihani?" Sikuthubutu kumjibu, na bado siwezi kusema hana haki ya kusema hivyo. Lakini nadhani jibu lake ndilo kufuli kubwa la kizazi chetu. Tumelelewa karibu na maumivu makubwa mno hata yetu tunayaonea aibu. Huzuni imekuwa na daraja, na asiye na kaburi la kuonyesha hana ruhusa ya kulia. Hasa mvulana: Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni. Hakuna anayetueleza yakishafika tumboni yanafanya nini.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 20.5 ya Wanyarwanda walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili, na miongoni mwa manusura asilimia 52.2. Mjomba ana hoja, basi. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha kuwa asilimia 61.7 ya watu walijua pa kutafuta msaada, na waliowahi kwenda ni asilimia 5.3 tu. Kwa hiyo shida si ujinga. Hospitali za wilaya zina huduma hiyo, kadi ya mituweli inakubaliwa, njia tunaijua. Hatupiti.

Katika chuo chetu mshauri yupo, tena mtu mwema. Mlango wa ofisi yake unatazamana na foleni ya chakula. Ukiingia saa sita, wanafunzi mia wanakuona na sahani zao mikononi. Nimewahi kufikiria kwamba kuuhamishia mlango huo upande wa nyuma, penye miti, kungesaidia kuliko mabango yote ya uhamasishaji. Halafu nikajiuliza kama mlango wa nyuma si kukubali kwamba ni aibu. Bado sijaamua. Mgonjwa wa leo anahitaji mlango wa nyuma leo. Hawezi kungoja hadi sisi tulio kwenye foleni tupate adabu.

Sijasema yote. Wiki moja kabla ya kulala kule, usiku, taa zimezimwa, aliniambia: "Sipati usingizi, na asubuhi sioni sababu ya kuamka. Usimwambie mtu." Nikaahidi. Na kweli sikumwambia mtu, si mshauri, si mlezi wa bweni, si dada yake aliyekuja kumwona Jumapili akanikuta mimi mlangoni akaniuliza: "Ndugu yangu, mwenzako hajambo?" Nikamjibu hajambo.

Niliona huo ndio uaminifu. Leo naona kwamba siri aliyonipa ilikuwa ya maneno yake, nisiyasambaze kwa vijana wa pasi. Haikuwa ya uhai wake, niufungie chumbani. Ningeweza kumwambia usoni: nimekusikia, kesho tunakwenda wote, nitasimama mlangoni wakinitazama mimi. Kama angekataa, ningemwambia dada yake, na angenichukia. Nafikiri chuki hiyo ningeweza kuibeba.

Aliacha masomo wiki mbili baada ya mzaha wangu. Yuko kwao, anatibiwa katika kituo cha afya cha huko, na dada yake anasema anaanza kwenda shambani. Wiki iliyopita nilimpigia simu. Nilitaka kuomba radhi, lakini aliwahi yeye kuniuliza kama maharage ya bwaloni bado yana mawe. Nikamwambia yanayo. Tukanyamaza kidogo, kisha nikasema: "Na wewe, unalala?"