Kuku wa Mdondo na Haki ya Jirani

Kuku wangu watatu walikufa kwa mdondo ndani ya siku mbili. Niliwatia guniani, nikaliweka gunia nje pamoja na taka, nikanawa mikono nikaona nimemaliza. Kabla gari la taka halijapita, kurabu, wale kunguru wa mjini, walishalichana. Jioni jirani yangu, mama mtu mzima, akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uone." Kando ya sufuria ya maji ya vifaranga wake palikuwa na mguu wa kuku, na manyoya ya kahawia niliyoyajua vizuri sana. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kuku wake walianza kuzubaa wiki iliyofuata. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya ule mguu. Wala siwezi kuapa kwamba sivyo, maana kirusi cha mdondo hakifi pamoja na kuku. Hubaki kwenye mzoga na kwenye kinyesi.

Sasa zidisha gunia langu kwa mji mzima wa Mombasa. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, malori yanapanda Mwakirunge, na kule kuna watu wanaolima, wanaofuga kuku na mbuzi. Sisi wa mjini tukisema "taka zimekwenda," zimekwenda kwao. Kurabu nao wamezifuata. Ndege huyu anachakura uchafu, kisha anatua juu ya tangi lisilo na kifuniko, na makucha yaleyale.

Tunamlaani kana kwamba alijileta. Mwishoni mwa karne ya 19 alitolewa Bara Hindi akapelekwa Unguja ili asafishe uchafu mjini. Kufikia 1917 serikali ya huko ilishamtangaza mharibifu. Mombasa alionekana 1947, na tangu hapo ndege wadogo wamekosa raha, kwa jinsi anavyowala mayai na makinda. Hata kunguru wetu mwenye shingo nyeupe siku hizi humwoni mjini ila kwa nadra. Mtu alitafuta mfagizi wa kumfagilia taka zake, akatuachia mfagizi.

Mwaka 2024 serikali ya Kenya, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ilitangaza mpango wa kuua kurabu milioni 1 kwa sumu. Siupingi. Lakini ndege huyu huzaana kwa kadiri ya anachokula, na chakula chake kinatoka jikoni kwetu. Nimehudhuria harusi Kisauni ambapo masinia ya pilau yalimwagwa nyuma ya hema na nyama zake, na kurabu wamejipanga juu ya ukuta kama walioalikwa. Tulicheka. Ile ni israfu, na juu ya israfu, tulikuwa tunalisha maradhi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pika kwa kipimo, na pipa lako lifunike, na tangi pia. Kuku wazima wachanje; chanjo ya mdondo ni tone moja la jichoni. Aliyekufa mchimbie shimo la kina kirefu, umwagie majivu, ufukie ushindilie, mbwa asije akamfukua. Halafu, ukishakoga, mpigie hodi jirani umwambie kwako kumeingia mdondo, awafungie kuku wake. Hilo ndilo gumu, kwa sababu lina aibu. Mimi lilinishinda, aliyenipigia hodi ni yeye.