Riya ya Kunyamaza

Katika mwaka wa sitini na tatu wa umri wangu, baada ya kuuacha ukarani wa mahakama nilioushika zaidi ya miaka thelathini, niliandika riwaya. Na kwa kuwa wachapishaji niliowapelekea mswada hawakurudisha neno la heri wala la shari, na umri haukuniruhusu kuwangoja kama kijana angojavyo, nilimega sehemu ya kiinua mgongo changu nikampa mpiga chapa wa hapa Tanga, naye akanitolea nakala 300 zenye jalada la rangi ya samli, ambazo hata leo nyingi zake zimo uvunguni mwa kitanda, zimetandikiwa majani ya mwarobaini kwa kuchelea mchwa. Mke wangu husema kuwa yeye ndiye mwanamke wa pekee mtaani alalaye juu ya fasihi.

Jirani yangu, ambaye katika ujana wake alikuwa nahodha wa jahazi na sasa ni mzee wa safu ya mbele msikitini, alinikabili siku moja tulipokuwa tukitoka katika sala ya Alasiri, akaniambia kwa upole uumizao kuliko ukali: "Bwana Karani, umri wetu huu ni umri wa tasbihi. Wewe miaka yote umeandika ushahidi wa watu walioapa kusema kweli. Leo jua limekuchwea unatunga uongo, tena unatoa fedha zako mwenyewe ili jina lako lionekane. Niambie, hiyo si riya?" Nilicheka, nikatafuta jibu, nikalikosa, nikasingizia joto, nikaenda zangu.

Swali la nahodha lina mashitaka mawili, na mazoea ya kazi yangu ya zamani yanataka yatenganishwe. La uongo halinisumbui sana. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alipotunga Maqamat zake juu ya mlaghai mwenye ulimi wa dhahabu, alijua kuwa wenye kulaumu watamwandama, akatanguliza hoja katika dibaji yake kwamba visa vya wanyama wasemao havikupata kukatazwa na mwenye elimu yeyote, na kwamba amali hupimwa kwa nia. Uongo ni kumsadikisha mtu lisilokuwa ili umdhulumu au umpoteze. Ama msomaji anunuaye kitabu kilichoandikwa "riwaya" juu ya jalada, huyo hakudhulumiwa, amekubali kwa hiari yake kusadiki kwa muda, kama akubalivyo mtoto hadithi ya sungura. Uongo niliouandika mahakamani ulikuwa mwingi zaidi, nao ulikuwa na viapo na mihuri.

Shitaka la riya ndilo lililonikosesha usingizi. Riya ni kufanya amali kwa ajili ya macho ya watu, na wanavyuoni wameifananisha na mwendo wa sisimizi mweusi juu ya jabali jeusi katika usiku wa giza, kwa jinsi inavyomnyatia mtu asiisikie. Na Imamu Ghazali katika Ihya yake aliifunga pamoja na kupenda jaha ndani ya kitabu kimoja, akijua kuwa maradhi haya mawili hunywa kisima kimoja. Sasa mwandishi aliyechapishwa na wengine ana pazia la kujisitiri: aweza kusema kuwa waliona faida, wakamwomba, naye akakubali. Ajichapishiaye hana pazia. Hakuombwa na mtu. Amejiteua mwenyewe, amejilipia mwenyewe, na anapokiweka kitabu chake mezani mbele ya wageni huona aibu ya mtu aliyejialika harusini.

Nilitafuta faraja katika kisa cha kasisi mmoja wa Uingereza, Laurence Sterne, nikakuta kuwa faraja yenyewe ina miiba. Kasisi huyu alizaliwa mwaka 1713, akakaa zaidi ya miaka ishirini akiliongoza kanisa la kijiji cha Sutton-on-the-Forest karibu na mji wa York, na katika muda huo wote hapana aliyemdhania kuwa mtunzi. Mapema mwaka 1759 aliandika kijitabu cha kejeli juu ya ugomvi wa wakubwa wa kanisa lake, na nakala zake karibu zote zikachomwa moto ili wakubwa wasiaibike. Lakini kalamu ilikuwa imekwisha kuonja wino. Mwaka huo huo alimwandikia Robert Dodsley, mchapishaji wa London, akimtaka paundi 50 kwa juzuu ya kwanza ya riwaya yake Tristram Shandy, na Dodsley akaziona ni nyingi, akakataa. Kasisi akapiga chapa juzuu mbili za kwanza kwa gharama yake huko York, akiwa na umri wa miaka 46 na kifua kilichokwisha kuliwa na ugonjwa utakaomuua, na hata jina la mji aliliacha lisiandikwe katika ukurasa wa mbele, kwa kuhofu kuwa watu wa London hawatakithamini kitabu cha shamba.

Hadi hapa nilikuwa nikimpenda. Kisha nikasoma kuwa alitunga barua ya kukisifu kitabu chake mwenyewe, akampa mwimbaji mmoja wa kike ainakili kwa mkono wake na kuipeleka London kana kwamba sifa zile zimetoka moyoni mwake. Niliposoma hayo niliona haya kwa niaba yake, na kwa niaba yangu pia, maana mimi nami nilikuwa nimemwomba mpwa wangu akiulizie kitabu changu dukani kwa sauti kubwa, mara mbili, siku mbalimbali. Barua ilifanya kazi yake au kitabu kilijifanyia. Kwa vyovyote, katika mwaka 1760 London nzima ilimjua, na Dodsley yule yule akakinunua. Bandia zikaanza kutokea, na Sterne akalazimika kutia saini kwa mkono wake katika kila nakala ya toleo la kwanza la juzuu ya tano, na baadaye ya saba na ya tisa, maelfu kwa maelfu ya saini. Nahodha angesema kuwa hiyo ndiyo adhabu ya mtu apendaye jina lake: kuliandika mpaka mkono ufe ganzi.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na ndipo nilipoanza kuliona jibu. Mwaka 1766 kasisi huyu alipata barua kutoka kwa Ignatius Sancho, mtu wa asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya kitajiri huko London, ambaye inasemekana alizaliwa katika merikebu ya watumwa. Sancho alikuwa amezisoma kazi zake, akamwomba aitumie kalamu ile kuwaonyesha watu dhulma ya utumwa. Naye Sterne akamjibu kuwa kwa bahati ya ajabu alikuwa ametoka tu kuandika kisa cha msichana mweusi aliyedhulumiwa, na kisa hicho kikaingia katika juzuu ya tisa. Basi tazama: kitabu kilichosukumwa sokoni kwa hila ya sifa kilimfikia mtu ambaye katika Uingereza ya wakati ule wachache waliomhesabu kuwa msomaji, na mtu huyo akakidai kitende haki. Nia ya mwanzo ilikuwa chafu kiasi hicho. Ila kazi haikubaki pale nia ilipoiweka. Ghazali mwenyewe amesimulia kuwa yeye na nduguye walipokuwa mayatima walipelekwa madrasa kwa ajili ya kupata chakula, wakaitafuta elimu kwa ajili ya tumbo, na elimu yenyewe ikakataa kuwa ya yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Na huyu Ghazali ndiye aliyenivua nguo. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad, alijikagua akaona kuwa anasomesha kwa tamaa ya cheo na sauti, ulimi ukamfungika, akaacha kila kitu akaenda zake. Na watu wengi wakikisimulia kisa hiki husimama hapo, kana kwamba mwisho wa ikhlasi ni kunyamaza. Lakini mwaka 1106 alirudi, akasomesha tena huko Nishapur. Na kabla yake Fudhail bin Iyadh alikwisha kufundisha kuwa kuiacha amali kwa ajili ya watu ni riya, kama vile kuifanya kwa ajili yao ni shirki. Nililisoma neno hilo nikakifunga kitabu.

Maana sura ya kwanza ya riwaya yangu niliiandika nilipokuwa na miaka thelathini na minne. Niliitia katika mtoto wa meza wa ofisini, chini ya fomu za dhamana, ikakaa humo hadi karatasi zikawa na rangi ya chai, na kila ilipoukumbusha moyo wangu niliuambia kuwa mimi si mtu wa kujionyesha. Nilijiita mnyenyekevu. Ukweli, ambao nauandika hapa bila kiapo, ni kwamba niliwaogopa makarani wenzangu, na hasa mmoja aliyekuwa hodari wa kuigiza sauti za watu wakati wa chai. Nilikuwa nikiyapamba macho yao kwa ukimya wangu kama vile mwingine ayapambavyo kwa kilemba. Kwa miaka ishirini na tisa nilifanya riya kila siku ya kazi, nikaiita haya.

Hapa ndipo uzee unapoingia, nao hauingii kama wengi wasemavyo, kwa busara na utulivu. Sikuona busara yoyote kuniongezeka. Kilichotokea ni kwamba wale niliowaogopa walikufa, au walihamia kwa watoto wao, au walisahau, na yule mwigizaji wa sauti sasa hasikii. Hadhira ya hofu yangu ilitawanyika, na nilipotazama nikaona ukumbi mtupu na meza yenye sura moja ya kitabu. Torati inasema kuwa Musa alikuwa na miaka themanini alipokwenda kusema na Firauni, tena akilalamikia uzito wa ulimi wake. Nami hudhani, bila ya kuwa na mamlaka ya kufasiri, kuwa miaka arobaini ya kuchunga mbuzi ilimpunguzia mtu huyo watu wa kuwaonea haya. Tristram wa Sterne anahesabu kuwa mwaka mzima umempita naye angali akisimulia siku ya kwanza ya maisha yake, hivyo aishi haraka mara 364 kuliko aandikavyo. Kijana husoma hesabu hiyo akacheka. Mzee huisoma akatafuta miwani na kalamu.

Wala si lazima kuvuka bahari kutafuta mfano. Katika mji huu huu Shaaban Robert, ambaye siku zake nyingi zilikwenda katika ofisi za serikali kama zilivyokwenda zangu, alipokuwa na umri wa karibu miaka hamsini alijitolea baadhi ya vitabu vyake kwa jina la Art and Literature, naye alikwisha kuwa mshairi asiye na mfano. Hata hivyo alifariki mwaka 1962, na Kufikirika kikatoka mwaka 1967 asikione. Ikiwa yeye hakuona unyonge kuwa mtunzi na mchapishaji wa kazi moja, mimi wa nakala 300 nina fahari gani ya kuilinda?

Mwezi uliopita nahodha alinijia baada ya Isha, ameshika kitabu changu kilichovikwa gazeti kama daftari la mtoto wa shule. Kumbe alikiazima kwa mjukuu wangu. Alikifungua penye ukurasa ambao nilikuwa nimeitoa jahazi Tanga kwenda Lamu katika mwezi wa Januari, tanga limejaa upepo, ikikata maji kama kisu; na pambizoni, kwa penseli, kwa khati za Kiarabu, alikuwa ameandika kuwa Kaskazi ni ya kuja, ya kwenda ni Kusi.

"Huu ndio uongo," akasema, akiweka kidole juu ya jahazi yangu. "Yule mwanamke wako wa sura ya saba sina neno naye, yule yuko, hata mimi nilimjua. Lakini hii haifiki Lamu."

Nilimwambia kuwa nitasahihisha nikijaliwa kupiga chapa tena, ila fedha hazipo. Alikaa kitako, akamwitikia mke wangu salamu kutoka ndani, akaniomba penseli iliyochongwa, kwa kuwa yake imekwisha na bado hajazipitia kurasa za Lamu.