Kumsitiri Clara

Katika wimbo "Clara" wa Scott Walker kuna mapigo mazito yanayosikika kama ngoma iliyolowa maji. Si ngoma. Ni ngumi za mwanamuziki zikitua juu ya pande kubwa la nyama ya nguruwe. Wimbo huo umo katika albamu The Drift ya mwaka 2006. Walker, Mmarekani aliyepata umaarufu London miaka ya 1960 kwa nyimbo za mapenzi, alikuwa na umri wa miaka 63 alipoitoa.

Clara Petacci alikuwa hawara wa Benito Mussolini. Aliuawa naye kwa risasi tarehe 28 Aprili 1945, karibu na Ziwa Como. Kesho yake miili yao ilitupwa katika uwanja wa Piazzale Loreto, Milano. Umati uliipiga mateke na kuitemea mate, kisha ikaning'inizwa kichwa chini kwenye kituo cha mafuta. Hasira ile ilikuwa na chanzo: Agosti 1944, katika uwanja huohuo, Wafashisti waliwapiga risasi wafungwa 15 na kuiacha miili yao hadharani.

Nyama ile studio, basi, ni mwili wa Clara. Je, msanii ana haki ya kuupiga tena mwili wa mtu asiyeweza kumkataza?

Kwetu maiti husitiriwa. Hata aliyeishi vibaya hufunikwa kwanza. Mengine hujadiliwa baada ya maziko. Na hata Milano, Clara aliponing'inizwa, sketi yake ilifungwa isimwanguke. Katika ghadhabu yote ile, kuna aliyekumbuka stara.

Leo tumeisahau kwa urahisi zaidi. Ajali ikitokea asubuhi, kabla ndugu hawajapata habari, picha ya marehemu imeshafika kwenye simu yangu, imeambatana na maneno "Innalillahi" au "R.I.P." Naitazama kwa sekunde mbili, kidole kinasonga mbele. Kutazama hakunigharimu chochote, na aliyelala pale barabarani ameachwa uchi mbele yangu.

Wimbo wa Walker unadumu karibu dakika 13 na hauonyeshi kitu. Unanipa pigo bila kunipa mwili. Kwa kuwa sioni, nabaki nikijiuliza mkono ule ni wa nani, na ningekuwa nimesimama wapi uwanjani siku ile. Nadhani kusitiri ni zaidi ya kuficha. Ukweli unaweza kusemwa wote, hata kwamba Clara alimpenda dikteta, bila aliyekufa kugeuzwa tamasha. Kipimo changu ni hiki: kazi ikiisha, nani anaona aibu? Ikiwa ni marehemu, amevuliwa. Ikiwa ni mimi msikilizaji, amefunikwa.

Kwa kipimo hicho, "Clara" ni shuka. Lakini kipimo ni changu mimi niliye hai, ninayesikiliza kwa hiari na ninayeweza kuzima redio. Nikifikiria ndugu wa damu wa Clara ameketi kando yangu, akisikia nyama ikipigwa na kujua ni nani, nashindwa kumwambia kwamba hii ni heshima. Kwake kuna deni ambalo ustadi wa muziki haulilipi, na sidhani msanii ana ruhusa ya kujisamehe mwenyewe.