Usilizike Ua Kabla ya Gu

Usiniambie Mandera haioti maua. Toka nje ya mji wakati wa kiangazi cha jilaal, mbuzi wakiwa wamefikia kutafuna makaratasi, utazame kwenye mawe. Utakikuta kichaka kisicho na jani hata moja, na bado kimejaa maua mekundu. Ndilo waridi la jangwani. Hakuna aliyelimwagilia. Shina lake limevimba kama mtungi kwa sababu ni mtungi kweli: mvua iliyopita imewekwa akiba mle ndani.

Sasa ikiwa kichaka kisicho na mwenyewe kinavuka, asumini yako yenye mwenyewe inakufaje?

Inakufa kwa sababu ua la kopo ni mfungwa. Mti wa ardhini hufukuzia unyevu chini. Wa koponi hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo mkimbize wewe. Mandera iko karibu nyuzi 4 kaskazini ya ikweta, na mwishoni mwa Machi, mvua za Gu zikiwa bado zinasubiriwa, jua la adhuhuri linakusimamia utosini. Kopo jeusi la plastiki likiachwa hapo linageuka sufuria, na mizizi ndiyo mboga. Lisogeze chini ya mwarobaini, au upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi halafu nyumba yenyewe ilifunike. Una mtungi wa njano wa lita 20 uliopasuka? Ukate katikati, utoboe chini, weka kopo ndani yake, jaza mchanga pembeni na uuloweshe. Juu ya udongo tandaza samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri. Hiyo ni blanketi, ila ya kuzuia joto.

Najua jirani atasema nini: maji ya kunywa yenyewe tunayangojea kwa mkokoteni wa punda, Mto Daua umebaki mchanga, wewe unanywesha maua? Ana haki ya kuuliza. Mjibu kwa beseni. Tia udhu juu ya beseni badala ya kuyaachia maji yamezwe na mchanga. Ni maji yasiyo na sabuni, na yanakuja mara kadhaa kila siku. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba israfu ya maji haifai hata ukiwa kando ya mto unaotiririka. Sembuse huu wetu uliokauka!

Yamwage baada ya swala ya alfajiri, polepole, mpaka uone yanachuruzika kwenye tundu la chini. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunanyunyiza kidogo juu juu, tunaridhika kwamba udongo umebadilika rangi, kumbe tumeiita mizizi ipande juu, na saa saba mchana inakaangwa. Bora ushibishe mara moja kuliko kuonjesha mara tatu. Na ukiona majani yamelegea mchana, usikimbilie birika. Chomeka kidole kwanza. Ukikuta unyevu ndani, ua halina kiu, limechoka tu na jua. Jioni litainuka lenyewe. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima: ukwangue, na mvua ya kwanza ikinyesha toa kopo nje lioshwe.

Kuna siku utaona tawi limekauka na utataka kulitupa kopo zima. Subiri. Kwaruza shina kwa kucha. Chini ya ganda pakiwa kijani, mgonjwa wako yu hai. Punguza matawi, endelea na beseni.

Mji huu umevuka misimu mitano ya mvua haba mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Watu walizika mifugo, wakaanza tena na mbuzi wawili. Nani basi atakuambia kwamba kopo moja la asumini limekushinda? Inuka. Leo jioni, kabla ya adhana ya magharibi, lihamishe kivulini, na beseni la udhu liwe tayari mlangoni.